Bulla Kartasi: Mtaa wa karatasi unaosubiri kuandikwa

Panda bodaboda pale katikati ya mji wa Garissa, mwambie kijana akupeleke Bulla Kartasi. Hatakuuliza ni wapi. Mtapatana bei, atakunja kona mbili tatu, na punde si punde umefika. Sasa mtupie swali la pili: hapa kulitokea nini? Wengi watakwambia walisikia kitu kutoka kwa nyanya zao, kwamba mtaa uliwahi kuchomwa na watu wakafa. Lini? "Zamani hizo, wakati wa Moi." Nani walikufa? Hapo mazungumzo huishia. Kijana anawasha pikipiki, anakwenda kutafuta abiria mwingine.

Kijana huyo hana makosa. Shuleni alisoma habari za Mau Mau, akasoma Mekatilili wa Menza, akakariri hata mwaka ulioanza Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mtaa anaolala kila usiku hakuusoma popote.

"Bulla" ni neno la Kisomali ambalo watu wa Garissa hulitumia kwa maana ya kijiji au mtaa. "Kartasi" ni karatasi yetu hii hii. Kwa hivyo tuna mtaa unaoitwa Karatasi, lakini karatasi zinazoeleza yaliyoupata ni chache mno. Hoja yangu leo ni moja. Wakazi wa mtaa huu hawajasahau kitu. Tatizo ni kwamba wanaokumbuka wanazeeka na kuondoka, na sisi tulio na simu, kompyuta na wakati hatujakaa nao chini tuandike.

Kilichotokea Novemba 1980

Tuanze na yale yanayojulikana. Novemba 1980, wafanyakazi wa serikali waliuawa kwa risasi mjini Garissa. Aliyeshukiwa ni mtu aliyejulikana kwa jina la Abdi Madobe. Kilichofuata hakikuwa kumsaka mtu mmoja. Vikosi vya usalama viliingia Bulla Kartasi, nyumba zikateketezwa kwa moto, watu wakapigwa, wengine wakauawa, wanawake wakabakwa. Maelfu ya wakazi walikusanywa katika uwanja wa shule ya msingi ya Garissa na kuzuiliwa hapo kwa siku tatu, bila chakula wala maji, kwenye jua ambalo mtu wa Garissa hahitaji kuelezwa.

Wasomali wa hapa huliita tukio hilo Garissa Gubai, yaani kuungua kwa Garissa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Jamii yenyewe hutaja hata watu 3,000. Serikali za wakati huo hazikuwahi kukubali chochote kinachokaribia hapo.

Ili kuelewa jambo kama hilo liliwezekanaje katika nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka 17, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Tangu enzi za Mwingereza, eneo hili lililoitwa NFD lilitawaliwa kwa sheria zake peke yake. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni ililifunga, hata kuingia au kutoka kukahitaji kibali. Mnamo Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari huku kwa sababu ya vita vya shifta. Vita viliisha kwa makubaliano ya Arusha mwaka 1967. Hali ya hatari haikuisha. Iliendelea hadi 1991. Katikati, mwaka 1970, Bunge likapitisha Sheria ya Kinga iliyowakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyoyafanya wakati wa vita hivyo.

Fikiria hesabu hiyo. Mtu aliyezaliwa Garissa mwaka 1963 alifikisha miaka 28 akiwa hajawahi kuishi siku moja chini ya sheria za kawaida za Kenya. Mwenzake wa Nyeri au Kakamega aliyezaliwa siku hiyo hiyo aliishi nchi nyingine kabisa, ingawa wimbo wa taifa walioimba asubuhi shuleni ulikuwa mmoja.

Wajir waliandika majina

Miaka mitatu na ushei baada ya Kartasi, Februari 1984, balaa lingine lilitokea Wagalla, kwenye kiwanja cha ndege nje ya mji wa Wajir. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa hapo, wakazuiliwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Ukisoma habari za matukio haya mawili utashangazwa na jinsi yanavyofanana. Lakini muulize Mkenya yeyote anayefuatilia mambo, atakuwa amesikia Wagalla. Kartasi je? Hapo ni bahati nasibu.

Tofauti imetoka wapi? Kwa maoni yangu, sehemu kubwa imetoka kwenye karatasi.

Wajir kulikuwa na Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Yeye na wakazi walikwenda kukusanya majeruhi na maiti. Majina yaliandikwa, picha zikapigwa, na habari hizo zikavuka mipaka hadi kwa wanadiplomasia na vyombo vya habari vya nje. Marehemu Ahmed Khalif, aliyekuwa mbunge, aliliuliza Bunge maswali ambayo wengi waliogopa hata kuyanong'ona. Mwaka 2007 Salah Abdi Sheikh alichapisha kitabu kizima, Blood on the Runway. Mwaka 2015 Judy Kibinge akatoa filamu, Scarred: The Anatomy of a Massacre.

Tazama karatasi hizo zilivyofanya kazi. Mwanzoni serikali ilisema waliokufa Wagalla ni 57. Mwaka 2000 serikali hiyo hiyo ilikubali bungeni kwamba walikuwa 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ile TJRC, ikakadiria karibu 1,000. Manusura wanasema ni wengi zaidi ya hapo. Ubishi haujaisha, lakini hakuna anayeweza tena kusimama na kusema 57. Kilichomzuia ni majina yaliyoandikwa na watu wa kawaida wakati damu ilikuwa haijakauka.

Sisemi kwamba watu wa Kartasi walilala. Mtu aliyechomewa nyumba na kuzuiliwa uwanjani siku tatu hawezi kulaumiwa kwa kukosa kushika kalamu. Wapo waliosimulia, tena kwa ujasiri. TJRC ilianzia vikao vyake vya hadhara Garissa, Aprili 2011, na wazee na kina mama walijitokeza kusema mbele ya watu yale waliyoyabeba kwa miaka 30. Ripoti ya tume hiyo, iliyokabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, inalitaja tukio la Bulla Kartasi. Lakini tume ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka nchi nzima. Mtaa mmoja, ndani ya ripoti nene ya namna hiyo, hauwezi kupata zaidi ya kurasa chache. Kurasa zinazobaki ni zetu kuzijaza.

Mzee anaaminika lini?

Kuna jambo moja linaloniudhi kila ninapolifikiria. Kwa miaka mingi, kijana wa Garissa akienda kuomba kitambulisho, alipelekwa kwenye kamati ya kuhojiwa. Wazee walikaa kwenye viti, machifu wakakaa, na maswali yakaanza. Baba yako nani? Babu yako aliishi bulla gani? Nani jirani yake? Nani anakujua? Mzee akitikisa kichwa kukubali, unapata. Akinyamaza, unarudi nyumbani mikono mitupu, na bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa, hakuna kazi, hakuna chuo. Mwaka 1989 serikali ilifanya zoezi kubwa zaidi, ikawapiga msasa Wasomali wote wa Kenya na kuwapa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha kuwa ni raia.

Umeona? Serikali ilipotaka kujua wewe ni nani, iliiamini kumbukumbu ya mzee wa mtaa. Haikuhitaji kitabu wala chuo kikuu. Neno la mzee lilitosha kukupa uraia au kukunyima. Lakini mzee yule yule akisema "mwaka 1980 tulichomewa nyumba, na fulani bin fulani alifia pale uwanjani," anaambiwa hayo ni masimulizi tu, alete ushahidi.

Mzee hawezi kuwa shahidi wa kuaminika Jumatatu na mpiga porojo Jumanne.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa utaratibu huo wa kuhoji watu maalum kwa kaunti za mpakani. Ni hatua ambayo vijana wengi wa Kaskazini Mashariki waliipokea kwa furaha, na wana haki. Lakini hebu tuliangalie upande mwingine. Zile kamati, pamoja na maudhi yake yote, zilikuwa zinawalazimisha wazee kukumbuka hadharani nani aliishi wapi. Sasa hakuna tena anayewauliza. Kama sisi hatutawauliza kwa sababu zetu wenyewe, kwa heshima na bila vitisho, maarifa hayo yatazikwa nao.

Hapa pia ndipo historia ya mtaa inapoacha kuwa hobi ya watu wenye nafasi. Nyumba ikiungua, inaungua na cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja, picha ya harusi, daftari la madeni ya duka. Familia inabaki na maneno. Mjukuu akiulizwa miaka 40 baadaye "leta karatasi za babu," atazitoa wapi?

Mtaa si msiba peke yake

Hata hivyo, tusifanye kosa la kuigeuza Kartasi kuwa kaburi. Watu waliishi pale kabla ya 1980 na wanaishi pale sasa. Historia ya mtaa ni pamoja na nani alifungua duka la kwanza, maji yalitekwa wapi kabla ya mifereji, punda wa nani walikuwa wakileta madumu kutoka Mto Tana, maalim gani alifundisha chuo cha Kurani chini ya mti, na mti huo ulikatwa lini. Ni pamoja na wafugaji waliopoteza mifugo kwa ukame wakaja mjini na bakora tu mkononi, wakajifunza biashara. Soko la mifugo la Garissa, ambalo watu husema ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki, halikuota kama uyoga. Lilijengwa na madalali, wasukuma ng'ombe, madereva wa malori, na kina mama wauza chai na maziwa ambao hakuna sanamu yao popote.

Wala Garissa si ya Wasomali peke yao. Kando ya mto wako Wamunyoyaya na Wamalakote, watu wa mashamba na mitumbwi. Wako walimu, wauguzi na polisi waliotoka bara wakalea watoto wao hapa. Na tuseme ukweli wote: wale wafanyakazi wa serikali waliouawa Novemba 1980 nao walikuwa na mama zao. Orodha ya haki ya waliokufa mwezi ule lazima iwe na majina yao pia. Historia ikichagua marehemu wa kulia na wa kuacha, itakuwa imerudia kosa lile lile la waliochagua mtaa wa kuchoma.

Majina ya mahali nayo ni hazina. Hapa tuna Bulla Iftin, na iftin ni mwanga kwa Kisomali. Tuna Soko Mugdi, na mugdi ni giza. Mji mmoja una mwanga na giza, na kila jina lina kisa chake. Nairobi kuna Kariokor na Dar es Salaam kuna Kariakoo, majina yaliyotokana na Carrier Corps, wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mamilioni ya watu hushuka kwenye matatu na daladala hapo kila mwaka, wananunua nguo na nyanya, bila kujua wanalitamka jina la jeshi la wapagazi. Jina linaweza kubeba historia miaka 100, ila haliwezi kuisimulia peke yake. Linahitaji mtu.

Walivyofanya wenzetu wa Cape Town

Kuna wengine waliopitia hali ya kufutiwa mtaa, na walichofanya kinatufaa. Cape Town, Afrika Kusini, kulikuwa na mtaa uitwao District Six. Walikaa mafundi, wafanyakazi wa bandarini, wanamuziki, Waislamu na Wakristo, watu wa kila rangi. Februari 1966 serikali ya ubaguzi ikatangaza kwamba ni eneo la Wazungu pekee. Zaidi ya watu 60,000 wakahamishwa, na matingatinga yakalaza nyumba.

Mwaka 1994, wakazi wa zamani na wenzao walifungua jumba la makumbusho ndani ya kanisa la zamani. Kitu chake cha kwanza hakikuwa cha gharama. Walitandaza sakafuni ramani kubwa ya mtaa, wakawaomba waliohamishwa waje waandike majina yao pale nyumba zao zilipokuwa. Watu walipiga magoti, wakatafuta kona yao, wakaandika. Vibao vya barabara vilivyookolewa wakati wa ubomoaji vikatundikwa juu. Leo wageni kutoka dunia nzima hulipa kiingilio kuja kuitazama ramani hiyo.

Hawakuwa na karatasi za serikali. Walikuwa na watu waliokumbuka ni mlango gani ulitazamana na mlango gani. Garissa tunao watu wa namna hiyo. Swali ni kwa muda gani. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1980 leo amevuka 60. Aliyekuwa na miaka 40, ambaye ndiye angetueleza mambo ya biashara na viwanja, yuko kwenye 80 na kitu. Kila mwaka misikiti yetu huwasalia wengine. Tunasema innalillahi, tunarudi nyumbani, na kumbe tumezika maktaba.

"Mnachokora vidonda"

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nimelisikia mara nyingi. Wengine husema, kwa nini kufukua ya kale? Si bora tusonge mbele? Mnataka kuchochea ukabila, mnataka vijana wawachukie polisi.

Wanaosema hivi si wote wana nia mbaya. Wengine ni manusura wenyewe, na mtu aliyeumia ana haki ya kunyamaza. Hakuna anayepaswa kulazimishwa kusimulia. Lakini kunyamaza kwa hiari ya mwenye jeraha ni jambo moja, na kunyamazishwa ni jambo lingine.

Halafu kuna somo la Aprili 2, 2015. Siku hiyo magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi waliotoka kila pembe ya Kenya. Taarifa za kwanza zilitaja watu 147, na vijana mtandaoni wakakataa wenzao wabaki kuwa nambari. Wakaanza kutaja jina moja baada ya jingine, na picha, na kile ambacho kila mmoja alikuwa akisomea, chini ya alama ya kwamba 147 si nambari tu. Hakuna aliyewaambia wanachokora vidonda. Taifa zima liliwashukuru, na lilifanya vizuri.

Sasa, mji huu huu. Wafu wa 2015 walipata majina ndani ya siku chache kwa sababu vijana walitaka hivyo. Wafu wa 1980, waliofia kilomita chache kutoka chuo hicho, wengi wao bado ni nambari, tena nambari ya kubishaniwa. Wiki moja tu kabla ya shambulio la chuo, Machi 26, 2015, Rais Kenyatta alikuwa amesimama bungeni na kuomba msamaha kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani, na kuahidi hazina ya Sh10 bilioni ya kuwafaa waathiriwa. Msamaha ulitolewa. Miaka imepita na waathiriwa wengi wangali wanasubiri hicho kingine. Ukiomba msamaha bila kujua majina ya uliowakosea, unamwomba nani?

Simu iliyo mfukoni mwako

Basi tufanye nini? Siandiki haya ili tulie pamoja kisha turudi kwenye TikTok. Kazi hii inawezekana, na haihitaji ufadhili wa kwanza kutoka nje.

Anza nyumbani. Kaa na ayeyo baada ya chai ya alasiri, wakati jua limepoa. Mwambie, "Ayeyo, niambie ulivyoishi ulipokuja hapa mjini." Naye atakujibu akikuita "ayeyo" vile vile, maana Wasomali hurudishiana jina la ukoo, bibi na mjukuu wakaitana neno moja. Usimwanzishie na 1980. Mwanzishie na nyumba: mlango ulitazama wapi, jirani alikuwa nani, maji mlichota wapi. Mengine yatakuja yenyewe akitaka yaje. Asipotaka, shukuru, rudi siku nyingine.

Mwombe ruhusa kabla ya kurekodi, na umweleze rekodi itakwenda wapi. Mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali na jina, isipokuwa kama hataki jina lake litajwe. Mwache aongee lugha yake, iwe Kisomali, Kimunyoyaya au Kiswahili. Tafsiri itafuata. Ukimlazimisha aongee lugha ya shule, atakupa habari za shule.

Kwa habari za ubakaji, wasichana wawasikilize kina mama, na mambo hayo yasipakiwe mtandaoni hata kidogo. Hapa sina mzaha. Mama aliyekuamini na siri ya miaka 45 si maudhui ya kutafutia wafuasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda, lakini adabu inamlinda kabla ya sheria.

Chora ramani. Chukua bango la karatasi, tena karatasi, uchore mtaa ulivyokuwa. Waulize wazee watatu kila mmoja peke yake, kisha wakutanishe wabishane. Mabishano yao ndiyo yatakayokuonyesha wapi pana uhakika na wapi pana uvumi. Andika yote mawili na uyatenganishe. Kama wawili wanasema duka lilikuwa la fulani na mmoja anakataa, andika hivyo hivyo. Usipambe.

Weka nakala zaidi ya moja. Simu huibwa, huanguka kwenye ndoo ya maji, huharibiwa na joto letu. Moja iwe kwenye flashi, moja mtandaoni mahali penye nywila, na moja iliyochapishwa ipelekwe maktaba. Maktaba ya kitaifa ya Garissa ina sifa duniani nzima kwa jambo moja: tangu 1996 imekuwa ikipakia vitabu juu ya ngamia na kuvipeleka kwa watoto wa wafugaji. Kwa miaka yote hiyo, vitabu vilivyoandikwa kwingineko vimetoka mjini kwenda mashambani. Umefika wakati maktaba hiyo ipokee rafu moja ya vitabu vilivyoandikwa na Garissa kuhusu Garissa.

Na usiache kuidai serikali karatasi zake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari iliyo mikononi mwa dola, na sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka jijini Nairobi hufungua faili za serikali baada ya miaka 30, na miaka 30 tangu 1980 iliisha 2010. Andika barua. Wakikunyima, barua yao ya kukunyima nayo ni kumbukumbu. Ihifadhi.

Kaunti nayo isijifiche

Mtu asije akasema nimeiondolea serikali mzigo. Fidia, ukweli rasmi na kuwajibisha waliotoa amri ni deni la dola, na hakuna kikundi cha vijana kinachoweza kulilipa. Ripoti ya TJRC imekaa tangu 2013 na Bunge halijaipitisha. Hilo ni aibu ya vyama vyote vilivyotawala tangu wakati huo.

Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji kusubiri Nairobi. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Kwa hivyo gavana na wawakilishi wadi wa Garissa hawawezi kusema wamefungwa mikono. Kibao kimoja pale uwanjani, chumba kimoja cha kutunzia rekodi, barabara moja iliyopewa jina la mtu aliyeishi mtaa huo badala ya jina la mwanasiasa aliye hai. Hizo si hela za kujenga uwanja wa ndege.

Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Mikutano hiyo hujaa wazee na wanakandarasi, vijana hatuonekani, halafu tunalalamika kwenye X. Nendeni vijana kumi wa Kartasi, mkiwa na ramani yenu iliyochorwa na rekodi 20 za wazee, muombe mstari mmoja kwenye bajeti. Ni vigumu kumkatalia mtu aliyekwisha kuanza kazi. Ni rahisi sana kumkatalia anayelalamika mikono mitupu.

Mji unabadilika haraka. Lami inaingia, ghorofa zinapanda, viwanja vinauzwa na kuuzwa tena. Miaka kumi ijayo huenda Bulla Kartasi ikabaki jina kwenye programu ya ramani, kama Kariokor ilivyobaki jina kwenye kioo cha matatu. Siku hiyo kijana mwingine atapanda bodaboda, aulize hapa kulitokea nini. Jibu lake linategemea nani kati yetu atakaa na ayeyo jioni ya leo.